Ule Mstari Haukuwa Damu

Nesi alimtoboa binti yangu kidole, akavuta tone la damu kwa kile kimrija chembamba, akalidondosha kwenye kitundu cha kipimo cha malaria. Kwenye kitundu cha pili akatia matone ya dawa. "Subirini robo saa, mama," akasema, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Tukakaa kwenye benchi. Binti yangu ana miaka 9, na homa haijawahi kumzuia kuuliza. Alikikodolea macho kile kipimo pale mezani. Wekundu ulipanda kwenye utepe taratibu kama chai inavyopanda kwenye andazi lililochovywa ncha. Ukatanda, ukafifia, na pale penye herufi C ukabaki mstari mmoja mwembamba.

"Mama, ule mstari ni damu yangu?"

"Ndiyo."

Sikufikiri hata kidogo. Damu ni nyekundu, mstari ni mwekundu, na damu tumeiona kwa macho ikiwekwa pale. Mstari ulikuwa mmoja, kwa hiyo hakuwa na malaria. Lilikuwa koo tu. Tukapewa dawa, tukarudi nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu na cha nne. Huu ni mwaka wangu wa 16 darasani.

## Ndege ya karatasi

Pale kwenye benchi nesi alikuwa amempa mtoto karatasi ya maelekezo ya vipimo achezee, naye akaikunja ndege. Wiki moja baadaye nilikuwa nafagia nikaikuta chini ya kochi. Walimu tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kutupa karatasi yenye maandishi kabla ya kuisoma. Nikaikunjua.

Herufi ndogo kama mayai ya chawa, Kiingereza upande huu, Kifaransa upande ule. Kwenye orodha ya vilivyomo ndani ya utepe zilitajwa kingamwili zinazonasa protini ya kimelea cha malaria. Kingamwili hizo, karatasi ikasema, zimeunganishwa na dhahabu ya koloidi, yaani chembe ndogo mno zinazoelea kwenye majimaji.

Dhahabu.

Nikageuza upande wa Kifaransa. Huko nako dhahabu.

Nikakipitia kile kipimo kichwani. Kikasha cheupe, utepe mweupe, mstari mwekundu. Hakuna cha njano hata chembe. Kama mle ndani mna dhahabu, basi ama ilikuwa imejificha, ama ilikuwa mbele ya macho yangu na mimi nikaiita damu.

## Maji ya bomba

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda moja kwa moja vitabuni. Sikwenda. Kwanza niliona aibu, halafu nikajitetea. Labda ni mchanganyiko, nikajiambia, damu kidogo na rangi kidogo. Nikaishi na jibu hilo siku kadhaa, nalo likawa linanikwaruza kama mchanga ndani ya kiatu. Ikiwa mstari ni damu, mbona haukuelekea kahawia kama doa la damu kwenye shuka? Na damu imepita utepe mzima, mbona imechagua kukaa pale tu?

Nikaenda duka la dawa nikanunua kipimo cha mimba. Ni ndugu wa kile cha malaria, kinafanya kazi kwa namna ile ile, na hakigharimu pesa nyingi. Muuzaji alinitazama usoni, akanitazama kidole cha pete, akanifungia kwenye gazeti bila neno. Nina miaka 44 na mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Nadhani habari ilifika mtaani kwetu kabla yangu.

Nyumbani nikajaza kikombe maji ya bomba, nikachovya ncha ya utepe iliyochomoza kwenye kikasha.

Hakuna damu. Hakuna mkojo. Maji matupu.

Wekundu ukapanda. Pale penye C ukatokea mstari, mwekundu ule ule wa zahanati, wenye uzambarau kwa mbali. Niliukodolea macho mpaka chai iliyokuwa jikoni ikafura ikazima moto.

Kwa hiyo rangi ilikuwemo tangu kiwandani, imekaushwa kwenye utepe ikisubiri majimaji ya kuibeba. Kingamwili zimepakiwa juu ya chembe za dhahabu kama abiria juu ya lori. Majimaji yakija, malori yanaondoka. Kwenye mstari wa T kuna mtego unaonasa protini ya kimelea. Ikiwa protini ipo, malori yanakwama pale kwa mamilioni, na foleni yao ndiyo huo mstari tunaoutazama kwa hofu. Kwenye C upo mtego mwingine unaozinasa kingamwili zenyewe, ziwe zimebeba kitu au hazijabeba, ndiyo maana hata maji ya bomba yaliutokeza. (Wapo watengenezaji wanaotumia vipira vidogo vya plastiki vilivyotiwa rangi, mara nyingi buluu. Lakini ule mwekundu tuliouzoea kwenye zahanati zetu kwa kawaida ni dhahabu.)

Swali la damu likaisha hapo. La dhahabu likaanza.

## Ngamiani

Mjomba wangu ni sonara. Karakana yake iko Ngamiani, hapa Tanga, chumba kimoja chenye meza, taa, na joto lisilotoka hata mlango ukiwa wazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mkufu ule uliokatika?"

"Nimeuleta. Na hiki."

Nikaweka kipimo mezani. Akakitazama, akanitazama, akakitazama tena.

"Hongera?" akasema polepole.

Nikamweleza haraka haraka kabla hajafika mbali. Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Nilipomwambia kwamba mstari ule mwekundu ni dhahabu, kicheko kikakatika.

"Dhahabu haibadiliki, mwanangu. Hiyo ndiyo heshima yake. Chuma kitakula kutu, fedha itaingia weusi, shaba itaota ukijani. Dhahabu utaizika leo, wajukuu wataifukua kama ulivyoizika. Ukiona dhahabu nyekundu, ujue mtu katia shaba."

Akachukua lile jiwe lake jeusi, akasugua pete juu yake, ukabaki mchirizi mwembamba. Akadondoshea asidi. Mchirizi haukutikisika. "Umeona? Hapa ni kiasi cha kufuta kwa kidole, na bado ni njano."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimesoma jioni mbili tu, na aliyoyasema yote ni yale yale ninayoyafundisha: rangi ya metali ni sifa yake, kama kiwango chake cha kuyeyuka, kama uzito wake kwa ujazo. Njano, nyuzi 1064, gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo. Wanafunzi wangu wameyaandika hayo miaka 16.

Akainuka, akafagia chini ya meza kama afanyavyo kila jioni, akazoa vumbi akalitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mna dhahabu mle: punje zinazoruka kwenye tupa na msumeno. Kila baada ya miezi kadhaa hulichoma lile vumbi, akaitenga dhahabu yake. Mwenyewe husema kopo hilo limesomesha binamu zangu wawili.

## Hata njano ina maajabu yake

Nilidhani nitauliza kwa nini dhahabu ndogo ni nyekundu, nipate jibu, nirudi kwake. Nikagundua sijui hata kwa nini ile kubwa ni njano.

Maana metali karibu zote ni nyeupe-kijivu. Fedha, alumini, zinki, bati. Elektroni zao za nje hazina mwenyewe, zinazurura kwenye metali nzima, na mwanga ukizigonga zinatikisika na kuurudisha. Huo ndio mng'ao. Zinarudisha rangi zote karibu sawasawa, ndiyo maana sinia jipya la alumini unaweza kujitazamia. Dhahabu na shaba zimejitenga na ukoo huu.

Dhahabu inameza buluu na zambarau, inarudisha zilizobaki, nasi tunaona njano. Inazimeza kwa sababu atomi yake ni nzito, ina protoni 79, na elektroni zilizo karibu kabisa na kiini zinakwenda kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo kanuni za Einstein si nadharia ya kitabuni tena. Zinabana njia za elektroni na kusogeza ngazi za nishati, mpaka mwanga wa buluu unatosha kuirusha elektroni kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kwenye fedha urukaji kama huo unadai mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Ondoa hesabu ya Einstein, dhahabu ingefanana na fedha.

Nilimpigia mjomba simu usiku kumwambia hili.

"Yaani miaka yote hii nauza kazi ya Einstein," akasema. Halafu: "Lakini bado hujaniambia kuhusu nyekundu."

## Ndoo kichwani

Nilikulia Handeni, na aliyekulia Handeni anajua kubeba maji. Ndoo ikiwa kichwani, maji yana mwendo wake: yanakwenda mbele, yanarudi nyuma. Miguu yako nayo ina mwendo wake. Miendo miwili ikipishana, unafika salama. Ikilingana, kila hatua inayasukuma maji palepale yalipotaka kwenda, na kabla hujafika mti wa pili umelowa mgongo. Ndiyo sababu mama zetu walitufundisha kutandaza majani juu ya maji.

Chembe ya dhahabu ya kwenye utepe ina upana wa nanomita 40 hivi. Milimita moja ingebeba 25,000 za namna hiyo zikipangwa mstari. Ndani yake zile elektroni zisizo na mwenyewe ni kama maji ndani ya ndoo. Mwanga unapopita unazisukuma zote upande mmoja, viini vyenye chaji chanya vinazivuta zirudi, zinapitiliza upande wa pili, zinavutwa tena. Mchezo huo wanafizikia wanauita plasmoni. Una mwendo wake maalumu, na kwa dhahabu ndani ya maji mwendo huo unalingana na mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 na ushei. Mwanga wa kijani ukifika, elektroni zinacheza nao kwa nguvu na kuumeza. Buluu nayo inamezwa kwa ile sababu ya awali. Kinachoweza kupita ni chekundu.

Kwenye pete ya mjomba elektroni ni zile zile, ila ziko bahari kuu. Hakuna ukingo wa karibu wa kuzirudisha zikacheza hivyo.

Nililipenda sana lile wazo la ndoo. Nikaingia nalo kidato cha nne, nikachora ngazi ubaoni: chembe ndogo kabisa nyekundu, inayofuata zambarau, inayofuata buluu, mpaka juu kwenye pete ya njano. Ndoo ndogo mwendo wa haraka, pipa mwendo wa polepole. Darasa likapiga makofi.

Ngazi ile ni uongo.

Nilikuja kuugundua usiku nikitafuta namba za kuijazia. Kuanzia nanomita 10 hivi mpaka 50 na zaidi, rangi haisogei sana. Zote ni nyekundu, tofauti yao ni ya divai na divai. Ukikaribia 100 ndipo zambarau inaingia. Ukishuka chini ya 2, plasmoni inatoweka kabisa, maana hapo elektroni ni chache mno na ile tabia ya umetali yenyewe inapotea. Ndoo ya Handeni hupata mwendo wake kutokana na upana wake. Chembe ya dhahabu, ikiwa bado ni ndogo kuliko wimbi la mwanga, inaupata zaidi kutokana na wingi wa elektroni kwa ujazo, umbo, na kilichoizunguka. Irefushe iwe kama kijiti, mwendo unashuka kuelekea mwanga usioonekana wa infraredi. Zisogeze chembe mbili zikaribie kugusana, zinaanza kuhisiana, na rangi inakimbilia buluu.

Maji ya Handeni yamenifikisha mbali, lakini si mpaka mwisho.

## Chupa za London

Kilichonifariji ni kwamba mtu mwenye akili kuliko zangu aliwahi kusimama palepale. Miaka ya 1850, katika Royal Institution, taasisi ya sayansi mjini London, mwanasayansi Michael Faraday alitengeneza vimiminika vya dhahabu vyenye wekundu wa rubi kwa kuitenganisha dhahabu na chumvi yake kwa fosforasi. Alitia chumvi ya kawaida, wekundu ukageuka buluu. Alipitisha mwale wa mwanga kutoka ubavuni, akaona njia ya mwanga iking'aa ndani ya chupa, akajua kwamba kilichomo si rangi iliyoyeyuka bali ni vipande vya dhahabu vinavyoelea. Hakuwa na chombo cha kuviona. Akasema hata hivyo kwamba ni ile ile dhahabu, na kwamba tofauti ya ukubwa wa vipande inatosha kuleta rangi mbalimbali. Hesabu kamili ikaja mwaka 1908, kazi ya Mjerumani Gustav Mie. Baadhi ya chupa za Faraday zipo Royal Institution mpaka leo, na bado ni nyekundu.

Warumi waliifanya bila kujua. British Museum wana kikombe cha kioo cha karne ya 4, kinaitwa kikombe cha Lycurgus. Mwanga ukikipiga kwa mbele ni kijani, ukipita kutokea ndani ni chekundu. Kioo kina chembe za fedha na dhahabu zenye upana usiofika nanomita 100. Fundi aliyekichoma hakuwahi kusikia neno elektroni.

Nikarudi Ngamiani nikiwa na haya yote. Mjomba alisikiliza bila kunikatiza, anaunga mkufu wangu. Nilipofika kwenye fedha, kwamba chembe zake ndogo kabisa zikiwa ndani ya maji hucheza na mwanga wa zambarau, na kwa hiyo maji yanaonekana ya njano, akazima moto.

"Fedha inakuwa njano?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hilo usiende kulisema mjini."

## Nyuzi 1064

"Haya, rangi nimekuachia," akasema. "Macho hudanganywa. Moto je? Moto haudanganywi."

Anaijua dhahabu kwa moto kuliko kwa macho. Anajua dakika ambayo boraksi, ule unga wa kusaidia kuyeyusha, inatulia na dhahabu inajikusanya kama jicho. Hana kipimajoto, lakini ukimwambia 1064 anatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la jirani.

Na hapa ndipo nilipotaka sana kushinda. Mwaka 1976 wanafizikia Buffat na Borel walichapisha vipimo vya kuyeyuka kwa chembe za dhahabu. Kadiri chembe ilivyopungua ndivyo ilivyoyeyuka mapema, na zile za nanomita 2 au 3 ziliyeyuka mamia ya nyuzi chini ya 1064. Sababu yake ni ujirani. Atomi ya katikati imeshikwa na majirani pande zote, ya pembeni imeshikwa upande mmoja tu, na moto unaing'oa kwa urahisi. Kwenye chembe ya nanomita 3, karibu nusu ya atomi zote ziko pembeni.

Nikaanza kumweleza kwa mbwembwe. Katikati ya sentensi nikajisikia nikipunguza sauti, kwa sababu nilishapiga hesabu ya chembe yetu, ile ya 40. Ina atomi kama milioni 2, na walio pembeni ni wachache tu katika kila mia. Chembe hiyo inayeyuka karibu sana na 1064.

"Kwa hiyo hii yako," akasema akionyesha kipimo kwa koleo, "inayeyuka kama yangu."

"Karibu sawa."

"Basi ni dhahabu."

Nilikaa kimya. Nilikuja kumthibitishia kwamba dhahabu inabadilika, naye akaikubali kwa sababu ya pale isipobadilika. Rangi ilikwisha kuhama, moto ukiwa bado haujasikia habari. Kumbe sifa za metali hazihami pamoja kama familia. Kila moja ina siku yake, na sikuwahi kufikiri hivyo wakati nikiziandika ubaoni kwa safu.

Joto lenyewe lina hadithi ileile ya elektroni. Zinazong'arisha pete ndizo zinazokuchoma kidole ukishika waya wa dhahabu ncha ya pili ikiwa motoni. Wanafizikia Wiedemann na Franz waliona mwaka 1853 kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri. Fedha inaongoza kwa wati 429 kwa mita kwa nyuzi, shaba iko kwenye 400, dhahabu 318, alumini ya sufuria zetu 237. Ndani ya dhahabu, kwa joto la kawaida, elektroni hutembea kama nanomita 40 hivi kabla ya kugonga kitu. Nilipoiona namba hiyo nilisimama. Ni upana ule ule wa chembe ya kipimo. Imetokea tu, hazihusiani moja kwa moja, lakini inakupa picha ya nyumba yenyewe: elektroni ikianza kutembea inakutana na ukuta. Nyaya nyembamba kiasi hicho hupitisha umeme na joto vibaya kuliko waya wa kawaida, na watengenezaji wa chipu za kompyuta wanapigana na kuta hizo kila siku.

Mwanga unaomezwa na chembe nao haupotei, unageuka joto ndani ya muda mfupi usiosemeka. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, mwaka 2003 waliutumia ujanja huo kuchoma seli za saratani maabara: vipira vilivyofunikwa dhahabu, na mwanga wa infraredi unaopenya nyama. Dhahabu pana hufanya kinyume, inaifukuza infraredi karibu yote. Ndiyo maana vioo vya darubini ya James Webb kule angani vimepakwa dhahabu, unene wa nanomita 100. Eneo ni mita za mraba 25, na dhahabu iliyotumika ni gramu 48 tu.

"Gramu 48," mjomba akarudia. "Seti moja ya bibi harusi."

## Jibu la pili

Jumatatu nilifuta ngazi. Niliwaambia kidato cha nne kwamba niliyowachorea wiki iliyopita si kweli, nikawaambia ni wapi hasa ndoo inavuja. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Binti yangu nilimwambia jioni, tukichambua mchele.

"Ule mstari wa siku ile haukuwa damu yako. Nilikosea."

"Ulikuwa nini?"

"Dhahabu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilingoja aulize kwa nini nyekundu, nimejiandaa na ndoo, majani na yote.

"Na nesi ameitupa?"

Ikabidi nipige hesabu nyingine. Gramu moja ya dhahabu inatosha chembe kama trilioni 1,500 za nanomita 40, na ukijumlisha ngozi za zote unapata karibu mita 8 za mraba, chumba kidogo kizima. Gramu hiyo hiyo ikiwa punje moja, ngozi yake haifiki hata ukucha wa kidole gumba. Kwenye kipimo kimoja kuna sehemu ndogo mno ya gramu, mizani ya mjomba isingeijua. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema hata hivyo nesi angeuliza kwanza.

## Kopo

Ijumaa nilipita Ngamiani kuchukua mkufu. Mjomba alikuwa na mteja, bibi mmoja aliyeleta hereni za mama yake zipimwe, kwa hiyo nikakaa kwenye kigoda nikisubiri. Kipimo changu hakikuwa mezani nilipokiacha.

Nikakiona kikasha ndani ya pipa la taka karibu na mlango. Kilikuwa kimepasuliwa katikati kwa uangalifu, kama mtu anavyopasua ganda la kwaju, na ndani hakikuwa na kitu.

Utepe ulikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya vumbi.